Muulizeni Mama Kuanzia Alfajiri: Barua ya Wazi kwa Maofisa wa Afya na Madiwani wa Jinja na Mbale

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichonilea Walukuba, katika nyumba za wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, ambako Msoga, Mgisu, Mteso na Mluo walipakana ukuta kwa ukuta na kuazimana chumvi kwa lugha hii. Kwa miaka kadhaa nimezunguka vijiji vya Busoga, kisha vya Bugisu, utepe wa kupimia mkono ukiwa shingoni na dodoso kwapani, nikipima watoto walio chini ya miaka mitano. Kazi hiyo imenifunza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: mwili wa mtoto tunajua kuupima, lakini sahani yake tunaipita.

Naomba niwapeleke kwanza chini ya mwembe mmoja, ng'ambo ya Kakira, katika kijiji kilichozungukwa na miwa pande tatu. Mtoto alikuwa wa kike, miezi 19. Nilimfunga utepe kwenye mkono wa kushoto, ukasoma sentimita 12.1. Utepe huo mnaufahamu: chini ya 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Kuanzia hapo ni kijani. Nikaandika njano. Kisha nikamwuliza mama yake, kama dodoso lilivyotaka, mtoto alikula nini jana. Akajibu, "Posho na maharagwe." Nikatia alama mbili, ya nafaka na ya jamii ya kunde, nikageuza ukurasa.

Mwenzangu wa siku hiyo alikuwa mama wa makamo, mhudumu wa afya wa kijiji kile. Aliweka kalamu chini, akaketi mkekani, akamwambia yule mama: "Mwanangu, hebu tuanze alfajiri. Alipoamka tu, ulimpa nini?" Alipewa ziwa, kisha chai ya rangi yenye sukari na kipande cha muhogo uliolala. Baadaye? Walikwenda shambani, mama akipalilia, mtoto akawa anatafuna muwa. Saa nane mchana wakarudi, akala posho. Na maharagwe? "Yale ni magumu, ni ya wakubwa. Yeye nilimchovyea kwenye mchuzi." Na jioni? Chungu kilichelewa, akalala kabla hakijaiva. Usiku alinyonya.

Maharagwe niliyoyaandika hayakuwahi kuingia kinywani mwa mtoto. Ningemwacha yule mama na ushauri tunaougawa kila mahali, kwamba aongeze maharagwe, ilhali maharagwe yalikuwamo chunguni na lililopungua ni kuyaponda. Ushauri wa kuyaponda hauna gharama hata ya shilingi mia, ila usingepatikana bila kuuliza vizuri.

Waheshimiwa, nadhani hapo ndipo penye kiini cha ombi langu. Mizani, utepe na ubao wa urefu vinatuambia kuwa jambo limeharibika. Havituambii limeharibikia wapi. Mtoto akifika kliniki akiwa amekonda, kadi inaonyesha mstari unaoshuka; lakini ni mchuzi bila maharagwe, ni kuhara kwa mwezi mzima, ni mama aliyekwenda kutafuta kibarua na kumwachia mtoto dada yake wa miaka saba? Kadi haisemi. Anayesema ni mlezi, na husema akiulizwa na mtu aliyeketi.

Tazameni eneo letu. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 29 ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Busoga ilikuwa hapo hapo, asilimia 29. Bugisu ilikuwa na asilimia 36. Teso, majirani wanaopakana na Bugisu upande wa kaskazini, asilimia 14. Mtu akisimama Mbale mjini na kutazama ngome ya Wanale, huona migomba, kahawa, parachichi na maji yanayoporomoka kutoka Mlima Masaba. Akishuka kuelekea Kumi, huko Teso, nchi inakuwa tambarare na kavu, mtama na karanga zinapigana na jua. Lakini wanaodumaa zaidi ni watoto wa kwenye kijani. Nimewasikia watu wazima wakisema ni asili, kwamba watu wa milimani ni wafupi. Hapana. Vipimo vya ukuaji ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, nao wote, walipolishwa vizuri na kutunzwa vizuri, walikua kwa kulingana. Mtoto wa Bungokho hana mfupa wa aina nyingine. Basi kwa nini 36 huku na 14 kule? Swali hilo mizani haiwezi kulijibu. Sahani ingeanza kulijibu.

Wala si jambo geni kwetu. Uganda imewahi kuwa mwalimu wa dunia katika somo hili. Madaktari wa Mulago walikuwa miongoni mwa waliouchunguza kwa kina ugonjwa wa kwashakoo, ule unaomvimbisha mtoto miguu na kumbadilisha nywele baada ya kuachishwa ziwa na kubaki na chakula cha wanga peke yake. Mwaka 1965 Mulago ilifungua kituo cha lishe kilichopewa jina la Mwanamugimu, kutokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mwana mwenye afya hutokana na mbeleko. Huko mama hakupewa dawa akarudishwa nyumbani. Alikaa na mtoto wake akajifunza kupika kitobero. Wengi wetu tumekula kitobero bila kujua historia yake. Unamenya ndizi mbichi, unaweka maharagwe uliyoyaloweka usiku na kuyavua maganda, unatia karanga zilizotwangwa au unga wa mukene, wale dagaa wa ziwani, na mchicha juu yake. Unavifunga vyote kwenye jani la mgomba, unalaza kifurushi chunguni juu ya chakula cha nyumba nzima. Kuni ni zile zile, moto ni ule ule. Kikiiva kwa mvuke unafungua, unaponda, mtoto anakula kilicho chake. Waliobuni mlo huo walianzia kwa kutazama chungu cha nyumbani kilikuwa na nini tayari. Huko nako ni kupima.

Mbale nayo imetoa somo lake. Kati ya mwaka 2006 na 2008 ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za Afrika, pamoja na Burkina Faso na Afrika Kusini, zilizoshiriki utafiti mkubwa wa kunyonyesha mtoto ziwa tupu, bila maji wala uji. Wanawake wa vijijini walifunzwa, wakawatembelea wenzao majumbani na kuwashauri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet. Watoto wa Mbale walipofika wiki 12, mama zao waliulizwa kuhusu saa 24 zilizopita: asilimia 82 ya waliotembelewa walisema mtoto amepata ziwa peke yake, na kwa wasiotembelewa ilikuwa asilimia 44. Walipoulizwa kuhusu siku saba, ile 82 ikawa 77 na ile 44 ikawa 34. Mama ni wale wale, watoto ni wale wale. Hapo si lazima pawe na uongo. Jana hakumpa maji, siku nne nyuma alimpa. Urefu wa swali ulibadilisha jibu, na anayepanga huduma bila kujua swali lilikuwa lipi hupanga kwa kubahatisha. Na tusisahau jambo kubwa zaidi katika takwimu hizo: ziara za jirani mwenye mafunzo zilikaribia kuongeza maradufu idadi ya wanaonyonyesha hivyo.

Somo la tatu liko Kamuli, jirani na Jinja. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2009, kaya zipatazo elfu kumi za Kamuli, Mukono na Bukedea zilifikiwa na mradi wa mbegu za viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyenye kiini cha vitamini A. Watafiti waliingia majumbani na kuhesabu kile watoto walichokula katika saa 24, na wakaona kwamba vitamini A waliyoipata watoto hao imeongezeka. Mwaka 2016 mtafiti wetu Robert Mwanga alikuwa mmoja wa wanne waliotunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi ya kurutubisha mazao kama haya. Mafanikio yale yangejulikanaje kwa mizani? Mizani haioni vitamini A. Iliyoona ni sahani.

Sasa niseme kile ambacho makaratasi hayasemi kuhusu kuuliza. Kwanza ni neno lenyewe "chakula". Kwetu chakula ni posho, ndizi, kiazi, muhogo; kinacholiwa nacho ni mboga. Waganda hutenganisha emmere na enva, na fikra hiyo imeenea Busoga pia. Ukimwuliza mtu amekula chakula gani, atakutajia posho na kunyamaza, naye amejibu sawasawa. Embe alilookota mtoto njiani si chakula. Kipande cha fenesi si chakula. Kabalagala, ule mkate mdogo wa ndizi na muhogo, na soda aliyoonjeshwa na mjomba si chakula. Mwulizaji asipovitaja kimoja kimoja, vinapotea, vya kumjenga mtoto pamoja na vya kumharibu.

Pili ni sinia. Namatala, pale Mbale, nilipita nyumba ambayo bibi aliwatunza wajukuu watano, wote wakila sinia moja. Mdogo alikuwa na miaka miwili na kidogo. Kwenye dodoso kila mmoja alikula ndizi na mchuzi wa karanga. Lakini nilikaa nikatazama. Mkubwa alikwisha kumega mara tano mdogo akiwa bado anapuliza tonge lake la kwanza kwa sababu ni la moto. Lilipopoa, katikati ya sinia palikuwa peupe. Bibi yule hakuwa na ubaguzi; alimpenda mdogo kupita wote. Alichohitaji ni kibakuli kimoja kidogo, cha huyo mdogo peke yake. Hakuna kisanduku cha kutia alama kwa jambo hilo.

Tatu ni aibu. Ukiingia na kadi ya kazi kifuani wiki moja baada ya mafunzo ya lishe, kila mama atakwambia mtoto amekula yai, kwa kuwa ndilo neno alilolisikia kwenye mafunzo. Wakati huo huo mayai yameuzwa ili kupata sabuni, au yamezuiwa na imani ya wale wanaosema mtoto akila yai huchelewa kuongea. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini kuuliza kwa sauti ya kukagua huzaa majibu ya kukaguliwa. Yule mhudumu chini ya mwembe alipata ukweli kwa kuwa alikaa chini, aliita "mwanangu", na hakutikisa kichwa aliposikia chai ya rangi.

Nne ni majira. Swali la jana likiulizwa wakati wa maembe, kijiji kizima kinaonekana kinakula matunda. Likiulizwa wiki chache kabla ya kuvuna mahindi, linakuta ghala tupu. Na kwa wenzetu waliokodisha mashamba yao kwa miwa, ambayo hukaa mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kukatwa, fedha huja mara moja, na siku za katikati ni ndefu.

Sitaki mniamini kupita kiasi. Sahani si kila kitu. Malaria, minyoo, maji machafu na afya ya mama wakati wa mimba vyote humdumaza mtoto hata akila. Hata wale watoto wa utafiti wa Mbale, ambao mama zao walinyonyesha vizuri zaidi, uchambuzi uliofuata haukuonyesha kwamba walirefuka au kunenepa kuliko wenzao. Tena jana moja haitoshi kumhukumu mtoto mmoja, maana huenda jana palikuwa na msiba au sherehe. Ila jana ya watoto mia mbili inakieleza kijiji. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na UNICEF hutumia kipimo hicho cha jana. Kwa mwongozo wao wa mwaka 2021, makundi ya vyakula vya mtoto wa miezi 6 hadi 23 yanahesabiwa manane: maziwa ya mama, nafaka pamoja na mizizi na ndizi, jamii ya kunde na karanga, maziwa na mazao yake, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A, na matunda na mboga nyinginezo. Mtoto anatakiwa apate angalau matano kwa siku. Yule wa chini ya mwembe alipata mawili: ziwa, na wanga wa muhogo na posho. Muwa na chai ya sukari havihesabiwi kundi, ingawa vilimjaza tumbo.

Waheshimiwa, ninachoomba ni hiki.

Kwanza, tupeni ukurasa mmoja wa sahani. Uandikwe kwa lugha ya nyumba, Kisoga kwa Jinja, Kimasaba kwa Mbale, Kiswahili kwa mitaa iliyochanganyika. Uanze alfajiri na uishie usiku. Utaje vyakula vya kwetu: mukene, malewa (machipukizi ya mianzi), ufuta, majani ya kunde, fenesi. Na chini yake yawepo maswali matatu: alikula chenyewe au mchuzi wake? Alikula kwenye chombo chake au pamoja na wengine? Nani mwingine alimlisha ulipokuwa mbali?

Pili, msianzishe safari mpya wala kununua magari. Kila Aprili na Oktoba tayari mnakusanya watoto kwa siku za afya, mkiwapa vitamini A na dawa za minyoo. Chagueni kwa kura nyumba chache katika kila parokia, mhudumu akae nazo dakika ishirini. Miezi hiyo miwili iko katika misimu tofauti ya kilimo, kwa hiyo huenda tukaona tofauti hata bila kuitafuta.

Tatu, kila kituo cha afya kiwe na ubao wa urefu, na mtu anayejua kuutumia. Uzito unapanda na kushuka. Udumavu unaonekana kwenye urefu, na mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelazwa, watu wawili wakimshika, mmoja kichwa na mwingine magoti. Mara nyingi nimekuta ubao umeegemezwa nyuma ya mlango, ukiwa na vumbi.

Nne, majibu yarudi kijijini. Niliwahi kuajiriwa na shirika moja kwa wiki sita. Tukajaza mamia ya makaratasi, kwa Kiingereza, tukayafunga kwenye maboksi, na hakuna mama hata mmoja aliyeambiwa kilichoonekana. Miaka miwili baadaye niliporudi kwa kazi nyingine, mwanamke mmoja aliniuliza, "Yale ya kwanza yalisemaje?" Sikuwa na jibu. Naona haya mpaka leo. Kijiji kikusanyike chini ya mti wake kiambiwe: kati ya watoto wetu mia, wangapi jana hawakuonja mboga wala tunda, wangapi walionja yai au samaki. Kisha chungu kibandikwe pale pale, kitobero kipikwe, wababa wakiwepo.

Tano, hili ni la madiwani. Majibu hayo yawe mezani mnapojadili miwa, masoko na maji. Masese, ufukweni Jinja, wanaanika mukene mbele ya macho yetu, na sehemu kubwa ya samaki hao hupakiwa kwenda kuwa chakula cha kuku. Halmashauri iliyoona kwa hesabu kwamba watoto wa Mafubira na Buwenge hawaonji samaki itajua pa kuanzia.

Wahudumu wa afya wa vijiji wako tayari kwa kazi hii. Wengi ni wa kujitolea, wanatembea kwa miguu, na wanazijua nyumba kwa majina. Wapeni mafunzo, karatasi na nauli. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayo yanaanzia kwenye kijiko.

Nilirudi kwa yule mama wa ng'ambo ya Kakira baada ya wiki nne. Utepe ulisoma 12.4. Bado ni njano. Nilikuwa sijafungua dodoso aliponikaribisha mkekani, akampakata binti yake, akaanza mwenyewe: "Leo usiniulize kuanzia mchana. Anza alfajiri, nikuambie."

Wenu katika kuwalea watoto hawa,

Mpimaji wa watoto na mama wa watatu,
Walukuba, Jinja